Supu ya Mwani Asubuhi ya Fainali

"Mama Yeonju, hivi kweli unapika supu ya mwani leo?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu, Mama Dalsu, kidevu chake kimeegemea ukuta unaotenganisha nyua zetu, nywele bado zimebanwa vibanio. Nilikuwa nimechuchumaa penye bomba. Nilikuwa nimetoka kanisani kwenye sala ya alfajiri, na mwani niliouloweka ulikuwa umefura ukajaa beseni zima, mweusi, unaponyoka vidoleni kama kitu chenye uhai.

"Si unaona mwenyewe," nikamwambia.

"Naona, ndiyo maana nauliza. Leo si fainali? Mume wangu kafunga duka. Nguo za watu hazijapigwa pasi, yeye kakaa mbele ya televisheni tangu haijawashwa. Na wewe unawalisha watu utelezi!"

"Ni siku ya kuzaliwa ya Inbeom."

"Si angengoja azaliwe kesho!" Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Dalsu wangu siku ya mtihani hata sabuni sikumpa. Alikwenda ananuka, lakini alipita."

"Sisi wa kanisani hatuamini mambo hayo."

"Hamwamini, eh? Na Yeonju alipokwenda mtihani wa chuo, nani alisimama hapo langoni akimshindilia keki ya mchele wa kunata, ili majibu yamgande kichwani, mpaka mtoto akapaliwa? Mchungaji?"

Niliusuuza mwani kwa maji ya mwisho, nikaukamua, nikaingia nao jikoni.

Kwetu kila mtu hunywa supu hiyo siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa ndiyo chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua. Na kila mtu huikimbia siku ya mtihani au ya mashindano, kwa kuwa aliyekula utelezi huteleza. Asiyeamini naye huikimbia, kimya kimya. Siku hizo mbili zikigongana, mama mwenye nyumba hupika kitu kingine, na supu husubiri kesho yake. Mimi nisingekosea jambo kama hilo. Ila jioni iliyotangulia mume wangu alikuwa ameweka chini kikombe chake cha chai akasema, bila kumtazama mtu, "Kesho kwa kalenda ya mwezi mwandamo ni siku ya kuzaliwa ya Inbeom. Mpikie supu ya mwani. Tia nyama ya kutosha."

Mtu huyo hakuwahi kuikumbuka siku yangu hata mara moja. Ya Inbeom, mwanafunzi wake, hakuwahi kuitaja kwa miaka yote saba aliyokaa nasi.

*

Sasa mimi ni mjane, na nyumba ni ileile, kilimani upande wa kaskazini wa Seoul. Ubao wa mume wangu uko pale pale alipouacha, katika chumba cha mbele: mnene, wa mti wa manjano, una miguu minne mifupi. Juu yake kuna kete moja nyeusi, kwenye kona. Wageni huniuliza mbona ni moja. Huwa nawakaribisha matunda. Nikifuta vumbi, nafuta kuizunguka.

Mume wangu alikuwa Tak Muyeong. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanalikumbuka jina hilo, kwa sababu hapakuwa na taji la baduk, ule mchezo wa kete, nchini ambalo halikupita mikononi mwake. Mimi mchezo wenyewe siujui. Nimesoma shule ya msingi tu, na hesabu zangu ni za sokoni. Najua kwamba wawili hupokezana kuweka kete, mmoja nyeusi na mwenzake nyeupe, kila mmoja akizungushia eneo lake kama mtu anayejenga ua. Na mwisho eneo huhesabiwa kwa nyumba, aliyezidi nyumba ndiye mshindi. Najua pia kwamba mkubwa hushika nyeupe, na mdogo hushika nyeusi na kuanza, na kwamba mwenye nyeupe huongezewa nyumba chache na nusu kwa kuwa hakuanza. Hayo yanatosha kuielewa siku ninayoisimulia, kwa sababu mimi sikuwa naangalia mchezo. Nilikuwa naangalia watu wawili niliowapikia.

Inbeom aliletwa na bibi yake kutoka Gunsan, mji wa bandari, ambako bibi huyo aliuza samaki wakavu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, masikio makubwa, na ukimya ambao kwanza niliuchukulia kuwa ni woga. Bibi alibeba fungu la samaki waliosukwa kwa majani ya mpunga, akalitua mlangoni petu kama mtu aliyekuja kuposa.

Mume wangu alimwonyesha mtoto mahali pa kupiga magoti. Mtoto alichukua kete nyeusi, akanyoosha mkono mpaka kona ya mbali ya kulia, akaiweka pale. Ndivyo adabu inavyotaka: kete ya kwanza huwekwa kona hiyo, ili ile iliyo karibu na mkono wa mkubwa abakiziwe yeye. Mume wangu aliitazama kete. Akainuka, akachukua taulo na sabuni, akatoka kwenda bafu la mtaa bila kusema neno.

"Mwalimu kaenda wapi?" bibi akauliza.

"Kuoga."

"Atarudi saa ngapi? Mie nina treni."

Sikujua. Tuliketi jikoni, tukanywa chai ya shayiri, tukazungumza bei za samaki. Jua lilipoanza kuinama alisimama, akaenda kusimama nyuma ya mjukuu wake. "Inbeom. Bibi anaondoka."

Mtoto hakugeuza shingo. "Mwalimu hajajibu, bibi," akasema.

Yule mama alicheka na kulia kwa pamoja. Akanishika mkono pale langoni kwa kiganja kilichochanjwa na chumvi. "Mkaidi huyu, mama. Mkimpiga, mpigeni miguu. Kichwa mniachie."

Baada ya hapo nilimpelekea mtoto maji, akatikisa kichwa. Hakuinuka magotini. Mume wangu alirudi taa za mtaa zikiwaka, ngozi nyekundu kwa mvuke, akaketi na kuweka kete nyeupe kama mtu aliyekuwa amepepesa macho tu. Kisha akamvunja yule mtoto ubao mzima, hakumwachia hata mahali pa kuegesha kete moja hai.

Walipomaliza alimwambia: "Katika nyumba niliyolelewa mimi, mwalimu hucheza na mwanafunzi wake mara mbili tu. Siku anayoingia, na siku anayofukuzwa. Kwenye mashindano tutakutana kama kura itakavyotukutanisha. Lakini hapa ndani, siku nitakayokuita tena mbele ya ubao huu, ujue mzigo wako umeshafungwa."

"Nimesikia, Mwalimu."

Jikoni nilimuuliza mume wangu, "Ulikuwa unamfundisha nini kwa kumwacha vile?"

"Kungoja."

"Mchana kutwa?"

"Mimi nilingojeshwa siku mbili." Alipelekwa Japani ana miaka tisa, akalelewa na mwalimu mzee wa kule. Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayekwambia kimo chake.

*

Miaka ikaenda. Inbeom alilala chumba cha karibu na lango, ambacho moto wa kupasha sakafu joto haukukifikia vizuri. Alikuwa mzito wa kuamua. Mume wangu alikuwa radi, anaweka kete kabla mwenzake hajaondoa mkono, na uzito wa kijana ulimkera. Alimwita Kobe, mbele ya wageni, mbele ya waandishi wa magazeti. "Kobe wangu anafikiri," alisema. "Mleteeni majani."

Inbeom hakukasirika, au alikasirika mahali ambapo mimi sikuweza kufika. Alikuja jikoni kunisaidia kusugua kabichi za kutengenezea kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, chumvi imemjaa mpaka viwikoni. Aliniita Mama Mwalimu, kama wanafunzi wote wanavyomwita mke wa mwalimu wao. Yeonju wangu alikuwa ameshaolewa Busan, nyumba imekuwa kubwa, na mimi nilitamani siku moja kijana yule adondoshe neno la pili, aniite Mama tu. Hakulidondosha.

Kisha bibi yake akafa.

Simu ililia nikiwa sokoni, mume wangu akaipokea. Inbeom alikuwa katikati ya mechi za mchujo, za siku tatu mfululizo, na mtu kwetu huzikwa siku ya tatu. Mume wangu hakumwambia yeye, wala mimi. Siku ya mwisho kijana alirudi jioni, ameshinda, mashavu mekundu kwa baridi. Nilikuwa napakua wali.

"Bibi yako alifariki," mume wangu akamwambia. "Wamemzika leo asubuhi. Keti ule."

Mwiko ulinitoka mkononi. Kijana alibaki amesimama na kofia yake. Alikuwa mjukuu pekee, na anayetangulia mbele ya jeneza na picha ya marehemu huwa ni mjukuu.

"Picha yake ilibebwa na nani?" akauliza.

"Sijui. Kula, chakula kinapoa."

Nilisema, "Muyeong, umefanya nini?" Akanijibu kwamba angemwambia mapema, mtoto angekwenda, na angekwenda angesubiri mwaka mwingine mzima, kwamba maiti haimsubiri mtu lakini haimkimbii pia, kwamba yeye alizikiwa mama yake akiwa Japani na bado yu hai. Inbeom aliketi. Alikula wali wote, akala samaki, akapangusa bakuli. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya siku zote, "Mwalimu, mchezo wa leo nilikosea wapi?"

Mume wangu alifurahi. Aliniambia usiku ule kwamba sasa kijana amekuwa mchezaji. Mimi nilikuwa nimeyaona macho ya Inbeom juu ya bakuli lile, na nilijua kwamba kuna kitu kimewekwa kwenye kona ya mbali, na kwamba anangoja.

Mwaka uliofuata akaanza kumshinda. Taji moja, kisha lingine. Hakushinda kwa kishindo. Alishinda kwa nyumba moja, kwa nyumba mbili, kwa nusu nyumba, kama mtu anayekunyang'anya shamba kwa kusogeza mpaka kidole kimoja kila siku. Jioni walirudi katika teksi moja, kwa sababu walikuwa wakienda mahali pamoja, na wote wawili waliketi kwenye meza yangu. Majirani walipita taratibu nje ya lango wasikie kama kuna sahani zinavunjika. Hazikuvunjika. Nilimpakulia kwanza mwenye nyumba, kisha aliyemshinda.

Mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Seoul mume wangu alikuwa amebakiwa na taji moja, lililo kongwe kuliko yote. Walicheza mara nne, wakatoshana mbili kwa mbili. Mchezo wa tano, kwa heshima ya mwenye taji, aliachiwa yeye kuchagua siku.

Alfajiri ile kanisani, katikati ya akina mama wanaopaza sauti kumlilia Mungu, sikuomba taji la mtu. Niliomba jioni wote wawili warudi, wakae mezani pangu, wale. Taji lilikuwa la mwisho, na mtu aliyebakiwa na kitu kimoja hufanya nacho lolote. Niliogopa kwamba mume wangu akishindwa atamwita Inbeom mbele ya ule ubao wa nyumbani. Niliomba asimwite. Ndivyo nilivyoomba, kwa maneno hayohayo, na Mungu ni shahidi kwamba hakumwita.

*

Supu iliiva vizuri. Nilikaanga mwani kwa mafuta ya ufuta pamoja na nyama, nikaongeza maji, nikaacha ichemke mpaka ikawa nyeupe. Sijutii supu ile. Kijana alikuwa amezaliwa siku ile kweli.

Nilitenga meza ndogo. Mbele ya Inbeom niliweka bakuli kubwa linalofuka. Nilipotaka kuweka la pili mbele ya mume wangu, akainua kiganja.

"Mimi leo sina hamu ya supu. Nipe zile keki za mchele."

Zilikuwa za mchele wa kunata. Alizinunua mwenyewe jana yake, mtu ambaye hakuwahi kuninunulia hata vitunguu. Nikamletea. Akauma moja, akaitafuna polepole mbele ya kijana, unga mweupe umemshika mdomoni.

Inbeom alilitazama bakuli lake. Halafu akaitazama keki. Akaweka viganja sakafuni akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

"Asante, Mwalimu, kwa kuikumbuka siku yangu."

"Kunywa. Mwanamume anatimiza miaka kumi na minane mara moja tu."

Akanywa. Alivuta mwani kwa vijiti, mrefu, unaoteleza, akaumeza bila kupepesa macho. Nilisimama na mwiko nikimtazama kama mtu anayemtazama mtoto anayevuka reli. Alipofika chini alininyooshea bakuli.

"Naomba tena, Mama Mwalimu."

Mume wangu aliacha kutafuna.

Nikampa la pili, nalo akalimaliza, akafuta mdomo. "Nyama ilikuwa nyingi," akaniambia. "Bibi yangu alikuwa hatii nyama. Alitia kome tu, na kitunguu saumu kingi. Hii ni tofauti."

Alisema kwa upole kabisa. Nilikwenda kusimama mbele ya sinki nikafungua maji, ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.

Walitoka pamoja, wamevaa mashati meupe niliyoyapiga pasi asubuhi ileile. Teksi ilipiga honi. Langoni mume wangu alimwekea kijana mkono begani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasema, "Angalia ngazi hizi, Kobe. Usije ukateleza."

*

Niliangalia kwa Mama Dalsu. Baba Dalsu alikuwa ametandaza karanga na ngisi mkavu, anamweleza mkewe kila kete kana kwamba ameialika yeye.

"Mumeo anaongoza," akaniambia mchana. "Kijana kabanwa kushoto. Mwalimu akiziba pale tu, biashara imekwisha."

Lakini mume wangu hakuziba. Mtangazaji, ambaye naye alikuwa mchezaji, alikuna kichwa mbele ya ubao wake mkubwa wa ukutani. Alisema Mwalimu Tak ana nafasi ya kumaliza, na hajui anangoja nini. Ikaja zamu nyingine, na tena hakuziba. Aliweka kete mahali pa kumtega mwenzake, kisha nyingine ya kutega.

"Anangoja nini huyu?" Baba Dalsu akapiga kelele. "Funga mlango, mzee!"

Mimi nilijua anachongoja. Kamera ilikuwa juu yake, na macho yake hayakuwa kwenye ubao. Yalikuwa kwenye vidole vya Inbeom. Kila mkono ule ulipoingia katika bakuli la kete, mume wangu aliegemea mbele kidogo, midomo imefunguka, kama mtu aliyemwaga maji kwenye ngazi akajificha nyuma ya mlango. Hakucheza na kijana tena. Alimsubiri aanguke.

Na kijana hakuwa na haraka. Alisogeza mpaka wake kidole kimoja, kidole kimoja. Jua lilipofika dirishani kwa Mama Dalsu walimaliza kuhesabu. Nusu nyumba. Inbeom.

Baba Dalsu alinitupia jicho akaacha kutafuna. Kwenye kioo, mume wangu alikuwa bado anatazama ubao. Baada ya mchezo, ni desturi wawili waurudie pamoja tangu mwanzo, mshindi akimsikiliza aliyeshindwa. Inbeom alianza kukusanya kete ili waanze. Mume wangu akatikisa kichwa.

Basi wakaleta kipaza sauti. Msichana wa televisheni alikuwa mchangamfu, mwenye koti jekundu.

"Hongera sana! Na tumeambiwa leo ni siku yako ya kuzaliwa!"

"Ndiyo."

"Basi ukifika nyumbani tu, supu ya mwani inakungoja!"

Watu ukumbini wakacheka kwa furaha.

"Nimeshakunywa," Inbeom akasema. "Asubuhi."

"Asubuhi?" Kicheko kilimkwama yule msichana. "Yaani kabla ya fainali? Supu ya mwani?"

"Bakuli mbili."

"Jamani! Nani huyo aliyekupa?"

"Mwalimu wangu. Aliikumbuka mwenyewe siku yangu. Miaka saba, hii ni mara ya kwanza." Akageuka kumwelekea mume wangu, akainama kwa adabu, mikono imenyooka mapajani. "Yeye hakunywa. Yeye alikula keki ya mchele wa kunata."

Kwanza akacheka mtu mmoja, nyuma kabisa, mwanamume, kicheko cha pua. Halafu ukumbi mzima. Wachezaji wakongwe waliokula mezani kwangu walifunika vinywa kwa viganja. Kamera ilimgeukia mume wangu, ikakaa pale, na hakuna aliyemhurumia akaiondoa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa ameshinda kila kitu kinachoweza kushindwa kwa kete, na kuanzia dakika ile, kila mama mwenye beseni la mwani nchini alijua kwamba mtu mkubwa kama yule alijaribu kumtelezesha mtoto kwa bakuli la supu, na supu ikamtelezesha yeye.

Baba Dalsu alijipiga paja. "Keki ya kunata! Mungu wangu, keki ya—"

"Nyamaza!" Mama Dalsu alimpiga kwa taulo, akainuka akaizima televisheni.

Kisha akanitazama. Lile swali lake la asubuhi lilikuwa usoni mwake tena, limevaa nguo nyingine. Hakuliuliza. Nikamshukuru kwa karanga, nikaenda kupika.

*

Nilipika kila kitu nilichokuwa nacho. Wali mweupe, samaki wa kuchoma, mchuzi wa maharage ya kuchachuka, maboga. Nilitenga meza na jozi mbili za vijiti, zikitazamana. Watu hutenga meza hivyo wanapotaka kuamini jambo.

Teksi ilisimama. Waliingia pamoja kama siku zote, mmoja nyuma ya mwingine, wakavua viatu. Uso wa mume wangu ulikuwa kama ukuta uliotoka kupakwa chokaa. Alikwenda kunawa, akanawa muda mrefu, akaja chumba cha mbele akaketi mahali pake, mgongo ukutani.

"Chakula tayari," nikasema.

Ndipo nilipouona mfuko wa Inbeom kando ya mlango wa chumba chake, umefungwa, zipu imevutwa mpaka mwisho. Ulikuwa pale tangu asubuhi. Nilikuwa nimeupita mara nyingi nikidhani ni nguo za kufua.

Kijana alikwenda pembeni, akaunyanyua ule ubao kwa mikono miwili, akauleta, akauweka mbele ya mume wangu. Aliupangusa kwa mkono wa shati lake la fainali.

"Nani amekwambia uulete?" mume wangu akasema.

"Mwalimu alisema michezo miwili. Wa kuingia na wa kuondoka."

"Anayeita ni mimi."

"Ndiyo, Mwalimu. Nimengoja niitwe."

Inbeom akapiga magoti upande wake. Akachukua bakuli la kete nyeupe akaliweka karibu na goti lake mwenyewe. La nyeusi akalisukuma, taratibu, juu ya mkeka, mpaka likamgusa mume wangu mguuni.

Nilisikia sauti ikitoka kooni mwangu. "Inbeom, mwanangu, kula kwanza."

Hakugeuza shingo.

Mume wangu alilitazama bakuli la kete nyeusi. Katika nyumba ile hakuwahi kushika nyeusi mbele ya mtu yeyote. Nilingoja alipige teke. Nilingoja ainue ubao aurushe, na nadhani ningefurahi. Sahani zingevunjika hatimaye, majirani wangesikia walichokuwa wakikingoja, tungelia, na baada ya kulia watu hula. Lakini ndani yake kulikuwa na mchezo ambao hakuumaliza siku ile, na hapa mbele yake alikuwa amekaa mtu pekee duniani aliyeweza kuucheza naye. Nilimwona akitaka. Ule ndio uliokuwa unyonge wake, na yule kijana aliujua kuliko mimi mkewe. Alitaka mchezo zaidi ya alivyotaka heshima.

Mkono wake ukaingia bakulini. Ulitoka na kete moja. Akaunyoosha mbali, polepole, kama mzee anayetafuta kitu gizani, akaiweka kete nyeusi kwenye kona ya mbali ya kulia, pale ambapo adabu inataka. Kisha akarudisha mkono juu ya paja akanyoosha mgongo, akangoja ajibiwe.

Inbeom aliiangalia kete ile kwa muda, kichwa kimeinama kidogo, vile alivyokuwa akiangalia kila kitu. Akafunika bakuli la kete nyeupe kwa kifuniko chake. Akainuka, akapita karibu yangu na karibu ya meza ambayo wali wake ulikuwa bado unatoa mvuke, akaubeba mfuko begani. Akavaa viatu, akafunga kamba za kwanza, akafunga za pili, akatoka bila kusema neno.